Kijana Anayejifunza Kazini: Maswali Ninayoulizwa na Wenye Karakana na Biashara

Nina karakana ya fenicha Keko, Dar es Salaam. Tunatengeneza vitanda, makabati, meza za kulia. Mteja akija kuchukua mzigo wake akawakuta wanagenzi wangu, vijana wawili watatu wenye madaftari mfukoni wanaojifunza kazi, maswali yanaanza: hawa umewatoa wapi, unawalipa, wakishajua kazi si watakukimbia? Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, nikaona bora niyaandike. Mengi ni ya Tanzania Bara, maana ndiko ninakolipa kodi.

Mwanagenzi ni nani? Si kibarua tu aliyepewa jina zuri?

Inategemea unavyomtendea. Kibarua anakuja kwa kazi ya leo: abebe mbao, afagie pumba, apewe chake jioni, kwaheri. Mwanafunzi wa fildi ametumwa na chuo kwa wiki chache, ana fomu ya kujaziwa, na ukianza kumzoea ndiyo anaondoka. Mwanagenzi ni mtu mliyekubaliana kwamba kwa muda unaojulikana, mwaka mmoja, miwili au mitatu, atafanya kazi kwako na wewe utamfundisha kazi nzima, si kipande chake. Akipata na siku za darasani, hapo mambo yamekamilika.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Pwani, mafundi wa majahazi na wachonga milango ya nakshi hawakutoka chuo chochote. Kijana alipelekwa kwa fundi, akakaa naye miaka, na akihitimu fundi alipewa kilemba, yaani zawadi ya kumshukuru kwa ujuzi aliotoa. Wajerumani wao waliuwekea utaratibu huu sheria ya nchi nzima mwaka 1969: kijana ana mkataba na kampuni, siku tatu au nne za wiki yuko kazini na zilizobaki yuko chuoni, na kampuni inamlipa. Hapa kwetu VETA, mamlaka ya serikali ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiendesha mafunzo ya mtindo huo na kuyaita uanagenzi pacha, kwa fani kama ufundi magari na umeme.

Kijana anayefagia miezi minane na kutumwa chai, hata akiitwa mwanagenzi kwenye karatasi, ni kibarua wa bei rahisi.

Mafundi waliokamilika wapo tele. Kwa nini nihangaike na asiyejua?

Nikupe kisa changu. Nilikuwa na fundi mmoja wa polishi. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuchanganya rangi ili mninga na plaiwudi vionekane vimetoka mti mmoja. Jumatatu moja akapigiwa simu kwamba mama yake amezidiwa, usiku akapanda basi. Nilikuwa na makabati matatu ya watu wa harusi, yanatakiwa Ijumaa. Nikatafuta fundi wa haraka, "aliyekamilika". Kabati la kwanza likatoka jekundu, la pili jeusi, na la tatu tuliliacha hivyo hivyo kwa sababu rangi iliisha. Bwana harusi alichukua kwa bei ya kutupa na mpaka leo hajarudi, wala ndugu zake.

Yule fundi wangu sikuwa na cha kumlaumu. Kosa lilikuwa langu. Miaka sita amekaa pale na sikuwahi kumwekea mtu pembeni. Ujuzi wa karakana nzima ulikuwa unalala Mbagala kwa mtu mmoja, asubuhi unapanda daladala kuja kazini, na siku ile ukapanda basi la mkoani.

Halafu hao waliokamilika nao wana yao. Fundi anayekuja na miaka 15 anakuja pia na mazoea ya miaka 15: huyu hapimi mara mbili, yule anajaza nyufa kwa gundi na pumba akidhani hatuoni. Ukimwambia, anakuuliza umeanza kazi lini. Kijana uliyemfundisha mwenyewe anajua kiwango chako kwa sababu hajaona kingine.

Na tuseme ukweli kuhusu matangazo yetu ya kazi. Kila mmoja anaandika "awe na uzoefu wa miaka mitatu". Wote tunautaka uzoefu na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuutoa. Kijana aupate wapi, sokoni Kariakoo?

Nikimfundisha ataondoka. Si nitakuwa nimewafundishia washindani wangu?

Hili ndilo swali namba moja, na wanaoliuliza huwa wanaliuliza kama wameshanishinda.

Wengine wataondoka, ndiyo. Mmoja wangu ana kibanda chake Gongo la Mboto sasa hivi. Lakini hana mashine ya kukereza, kwa hiyo miguu yake yote ya meza na vitanda anailetea kwangu. Analipa kama mteja yeyote, na akizidiwa na oda ananigawia. Mwingine amebaki na ndiye anayefungua karakana asubuhi. Wa tatu aliniudhi kweli: aliondoka mwezi wa saba bila kuaga, na patasi mbili zikaondoka naye. Sitakudanganya kwamba mambo huwa mazuri siku zote.

Nilichokiona ni kwamba wengi hawaondoki kwa sababu wamejua kazi. Wanaondoka kwa sababu wameshajua kazi na bosi bado anawalipa ya mwanafunzi. Kijana anamaliza kitanda peke yake, anakiona kinauzwa, anapiga hesabu, halafu jioni anapewa nauli. Jirani akimwongezea elfu tano tu kwa siku, amekwenda. Kwa hiyo andikeni tangu mwanzo kwamba siku akihitimu malipo yanapanda mpaka kiasi fulani, na siku hiyo ikifika upandishe bila kukumbushwa.

Usijaribu kumfunga kwa kumshikia vyeti. Nimeona mabosi wakifanya hivyo. Kijana anabaki mwili tu, na kazi inayofanywa na mtu aliyebaki mwili tu utaijua kwenye droo: haifungi.

Atakula muda wa mafundi wangu. Nani atafanya oda?

Atakula, hasa miezi mitatu ya kwanza. Panga hivyo kwenye hesabu zako usije ukashangaa. Mimi mwezi wa kwanza simpi ubao wa mteja. Anafanyia kwenye mabaki: kukata kwa msumeno wa mkono afuate mstari, kupiga randa mpaka skwea ikubali, kutoboa na kuunganisha kona. Mabaki yangeenda kuni hata hivyo.

Lakini shida kubwa kuliko muda ni mafundi kutosema kwa nini. Kuna siku nilimkuta kijana amepiga magoti anagonga futi, ule utepe wa kupimia, kwa nyundo. Kile kibati cha mwanzoni mwa futi, kinachoshika ukingo wa ubao, kilikuwa kinacheza. Yeye alifikiri kimelegea, akaona atusaidie akikaze. Fundi akaja juu, akampokonya, akamfukuza akafagie. Hakumwambia sababu. Nilipomuuliza fundi pembeni, akanijibu, "Futi zote zinacheza, bosi, ndivyo zilivyo." Naye hakujua.

Kibati kinacheza kwa makusudi. Ukipima kwa nje, unakivuta. Ukipima kwa ndani, kwa mfano ndani ya kabati, unakisukuma. Mchezo ule ni sawa na unene wa kibati chenyewe, ili vipimo vyote viwili vitoke sawa. Ukikikaza, kila shelfu utakayokata itapungua au itazidi kidogo, na utalaumu msumeno. Nikawaita wote wawili, nikawaonyesha kwenye boksi. Fundi mwenye miaka 20 kazini alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo naamini kwamba kufundisha kijana kunamnoa na fundi, kwa sababu kijana anauliza vitu ambavyo sisi tuliacha kujiuliza zamani.

Kwa utaratibu: fundi mmoja, kijana mmoja, wasizidi wawili. Na huyo fundi umpe kitu kidogo juu ya malipo yake kwa kazi ya kufundisha, la sivyo ataona umemwongezea mzigo na mshindani kwa pamoja. Usimchague fundi hodari kuliko wote. Mchague anayeongea.

Lazima nimlipe? Anapata ujuzi bure kwangu.

Mlipe. Ujuzi haulipi daladala.

Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula cha mchana ndicho kiwango cha chini kabisa, na kila miezi sita kiongezwe. Kijana asiyekula mchana saa nane anashika msumeno wa umeme mikono ikitetemeka, na hapo hasara si yake peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2023 Pendekezo Namba 208 kuhusu uanagenzi, na moja ya mambo yaliyomo ni hilo: mwanagenzi apate malipo ya kutosha. Na akishafanya kazi ileile ya fundi kwa saa zilezile, usijifiche nyuma ya neno mwanagenzi. Huyo ni mfanyakazi, na kima cha chini cha mshahara cha sekta yako kinamhusu. Kwenye utata, ofisi ya kazi ya mkoa ipo, nenda kaulize.

Kuna ugonjwa maofisini unaoitwa kujitolea. Msomi wa chuo anajitolea mwaka wa kwanza, wa pili, anatoa fotokopi na kumfungulia mlango meneja, na nauli anapewa na dada yake. Huko si kujifunza.

Awe na umri gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa migodini, viwandani, kwenye meli au mahali popote penye hatari, japo sheria inatoa nafasi kwa mafunzo yenye utaratibu. Karakana yenye msumeno wa duara ni mahali pa hatari, kwa hiyo mimi nachukua kuanzia 18. Shangazi yangu aliniletea mwanawe wa miaka 15 aliyefeli kidato cha pili, nikamrudisha. Tulinuniana mpaka Idi.

Juu je? Kwenye sera zetu kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Mtu wa miaka 32 aliyeamua kubadili kazi mara nyingi ana utulivu kuliko wa 19.

Tuandikiane mkataba, au tuaminiane?

Mwandikiane. Wangu ni ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili cha kawaida. Unasema anajifunza nini, kwa muda gani, chini ya fundi gani, analipwa kiasi gani na kitapanda lini. Saa za kazi zisipite 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku, kama sheria inavyosema kwa muda wa kawaida wa kazi. Siku zake za chuo zitajwe. Na iandikwe nini kitatokea tukishindwana, maana kushindwana kupo. Kama ana mzazi au mlezi, namwita ashuhudie. Si sheria, ila mama mtu akiwa ameona karatasi, kijana hachelewi.

Kitu ninachokitegemea kuliko mkataba ni daftari. Kila kazi anayoijua anaiandika, fundi anatia sahihi na tarehe. "Kukata kona ya nyuzi 45." "Kufunga bawaba bila mlango kulala." Daftari likikaa ukurasa uleule miezi mitatu, ujue hafundishwi, anatumwa tu.

Tayari nalipa tozo ya SDL kila mwezi. Haitoshi?

SDL ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Tanzania Bara mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anailipa kwa asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara, kiwango kilichoshuka kutoka asilimia 4 mwaka 2023. Kama mishahara yako kwa mwezi ni milioni 10, unapeleka 350,000 TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Sehemu ya fedha za tozo hiyo ndiyo inayoendesha mafunzo ya VETA.

Sasa angalia: umeshachangia karo ya vijana hao, halafu wakija mlangoni na barua unawaambia hakuna nafasi. Mimi ningekuwa nalipa 350,000 kila mwezi ningekwenda chuoni mwenyewe kuuliza wangu yuko wapi.

Nawapata wapi?

Anza na chuo cha VETA kilicho karibu, ofisi ya anayeshughulikia wanafunzi wanaokwenda kazini. Ongea na mwalimu wa fani, siyo mkuu wa chuo. Mwalimu ndiye anayejua nani anabaki karakana wenzake wakikimbilia mpira. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo watu wa mjini wanavisahau, na huko utapata vijana waliozoea shamba na kazi za mikono. Kwa wahitimu wa vyuo vya juu kuna TaESA, huduma ya ajira ya serikali, wanaounganisha wahitimu na waajiri. Na Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na programu ya kukuza ujuzi, yenye vijana wa uanagenzi ndani yake.

Ndugu nao wamo. Ila ndugu apite mlango uleule, aanze na wiki ya majaribio kama wengine.

Mafundi wangu hawana cheti hata kimoja. Wanaruhusiwa kufundisha?

Ujuzi wanao, na VETA wana utaratibu wa kuurasimisha kwa watu waliojifunzia mtaani. Fundi anapimwa kwa vitendo na mahojiano, penye upungufu anapigwa msasa, kisha anapewa cheti cha kiwango chake. Nilipeleka wawili. Mmoja alikataa mwanzoni akisema hajui kuandika vizuri, nikamwambia hapimwi mwandiko. Siku ya cheti alivaa suti. Cheti hakijamwongezea ustadi wa randa, lakini kijana anayefundishwa na mtu mwenye cheti anaona mwisho wa njia anayoianza.

Vijana wa siku hizi ni simu tu. Utawaweza?

Simu zinakaa kwenye kikapu saa za mashine. Nje ya hapo simu hizo hizo ndizo zinazoniletea wateja: kijana mmoja alianza kupiga picha kila kabati linapokamilika na kuliweka mtandaoni, na sasa oda kutoka Mbezi na Kigamboni zinakuja kwa WhatsApp kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Keko. Mimi ningebaki na kibao changu cha rangi barabarani.

Na wasichana?

Ninao wawili, mmoja wa vitambaa vya sofa na mmoja wa useremala kamili. Hakuna jipya katika mikono yao. Mapya yalikuwa kwangu: choo chenye komeo, mahali pa kubadilishia nguo, na kutomwacha mtu peke yake na fundi usiku wa oda za haraka. Niliwaambia mafundi wote pamoja, mbele ya wasichana hao, kwamba utani wa mwili hapa haupo na atakayeuleta nitampa hesabu yake siku hiyo. Mmoja alicheka. Wiki ya pili nilimpa hesabu yake.

Biashara yangu si ufundi. Nina duka, saluni, hoteli. Haya yananihusu?

Saluni tayari mnafanya, mnaita "kujifunza kusuka", ila hamuandiki wala hamlipi. Hoteli ndiyo mfano mzuri kuliko karakana: Chuo cha Taifa cha Utalii kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani na Chama cha Waajiri kiliendesha uanagenzi wa hoteli, ambapo kijana anapita mapokezi, jikoni, vyumba na mgahawa, huku akirudi chuoni. Anayepita idara zote anajua kwa nini jikoni wanakasirika mhudumu akisahau kuandika oda. Dukani, mfundishe kuhesabu stoku na kuzungumza na msambazaji, siyo kusimama mlangoni akiita "karibu dada". Mhasibu, mpe vitabu vya biashara ndogo moja avifunge mwenyewe mwezi mzima.

Akiumia kazini?

Kila mwajiri Tanzania Bara anatakiwa ajisajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Kijana aingizwe kwenye orodha yako ya malipo tangu siku ya kwanza, asiwe mtu wa pembeni anayelipwa kwa bahasha. Miwani ya macho, barakoa ya pumba na viatu vilivyofunika vidole ni juu yako. Kandambili zinaishia getini.

Niko Kenya. Ni sawa na huku?

Mwendo ni uleule, ofisi ni tofauti. Huko msimamizi ni NITA, chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani. Mwajiri anachangia shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akifundisha watu wake kwa utaratibu waliouidhinisha anaweza kuomba arudishiwe gharama. Watu wa jua kali, yaani mafundi wa mitaani, wanajua uanagenzi kuliko mtu yeyote, hawajauandikisha tu.

Naweza kuja kuona mnavyofanya?

Njoo asubuhi saa mbili, kabla mashine hazijawashwa. Jumamosi usije, tunapakia mizigo na hakuna atakayekusikia. Ukifika muulize yeyote mwenye daftari mfukoni akuonyeshe ukurasa wa jana.